Sarafu ya Vichwa Viwili

Konstansa, Romania
19 Novemba 2023

Mama Mbeti wangu,

Pokea salamu zangu, wewe na mtoto. Mko salama? Kifua cha Mbeti kimepoa, au bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo, na nimeanza kuipaka mafuta ya kupikia kama mtu asiye na mke.

Simu yetu ya jana ilikatika tena, na hata isingekatika nisingesema nililotaka kusema. Chumbani tunalala wanaume sita. Nikikwambia nina hamu na wewe, wote wananyamaza wasikie utajibu nini. Kwa hiyo nimeamua kukuandikia barua humu humu kwenye simu, barua ndefu ya kweli, kama zile baba alizokuwa akimwandikia mama alipokuwa akifanya kazi Mombasa. Na wewe uniandikie hivyo. Barua haikatiki katikati.

Wametutoa kule milimani nilikokaa mwaka mzima. Sasa tuko kando ya bahari, tunachimba mitaro ya mabomba ya maji kati ya vijiji. Mimi ndiye ninayeendesha mashine ya kuchimba. Anayeshuka mtaroni kusawazisha udongo ni Zakariye, yule jamaa wa Eastleigh niliyekutajia, ambaye kabla ya kuja huku alikuwa akiuza vitambaa dukani kwa binamu yake. Ni mtu mwema, ila anakoroma.

Wanza, unajua niko wapi? Hapa ndipo Wagiriki walipokuja kujenga miji yao kabla Kristo hajazaliwa, kisha Warumi wakaja nyuma yao. Nyumbani nilikuwa nikingoja bahasha ya posta iniletee sarafu moja ya Kirumi iliyolika, nikaipokea kama mtoto mchanga. Huku labda ninazikanyaga kila siku na sijui.

Nina ombi. Fungua kile kisanduku alichonichongea marehemu baba. Tazama kama kuna sarafu iliyotoa unga wa kijani, laini kama poda. Ukiiona, itenge mahali pakavu, peke yake. Huo ni ugonjwa wa shaba na unaweza kuwapata wenzake. Anza na ile yenye picha ya lango, nayo uishike kwa kingo zake, usiiguse uso. Usiisugue. Usiitie limau wala sabuni ya vyombo, najua unavyopenda vitu ving'ae.

Mbusu Mbeti.

Wako,
Baba Mbeti


Huruma
2 Desemba 2023

Baba Mbeti,

Salamu zimefika na sisi tu wazima, Mungu ni mwema. Kikohozi kiliisha. Umemuuliza mtoto mstari mmoja, sarafu ukaziandikia aya nzima. Nimekusamehe kwa sababu ya hiyo midomo iliyopasuka.

Nilifungua kisanduku Jumapili baada ya kanisa. Ile ya lango ni nzima. Niliishika kwa kingo kama ulivyoamuru, nikakaa nayo mlangoni penye mwanga. Nilikuwa sijaitazama sawasawa tangu siku uliyoniletea pale soko la mitumba la Gikomba. Unakumbuka? Ulinunua koti la kijivu kwenye meza yangu, ukarudi kesho yake ukiwa umelipasua bitana, nami nikajua umekuja kugombana. Kumbe umekuja na kipande cha shaba kama ukucha wa kidole gumba. "Dada, hii ilikuwa ndani ya koti. Ni yako." Mimi nikakwambia nauza makoti, siuzi vilivyomo, nenda nayo. Ukaenda. Wiki iliyofuata ukarudi kupapasa makoti mengine, na iliyofuata tena. Wenzangu wakasema huyu dereva ana baridi gani isiyoisha?

Hukupata sarafu nyingine hata moja.

Sarafu iliyougua ni ya yule mfalme mwenye shingo nene. Alikuwa na kijani sikioni. Nimemtia kwenye chupa tupu ya dawa ya Mbeti, na mchele mkavu chini yake unyonye unyevu. Mbeti akauliza anaumwa nini. Sasa kila jioni akiomba anasema, "Mungu umlinde baba, umlinde mama, na umponye mfalme wa shingo nene." Halafu ananiuliza, "Buda anarudi lini?" Nimemkataza kukuita hivyo. Ameyatoa huko nje na watoto wa ploti.

Kazi iko. Watu wanapenda makoti yapunguzwe mabega, kwa hiyo cherehani haipoi. Nikichoka huwa nageuza kichwa niseme, "Baba Mbeti, nipe maji." Halafu nakwenda kuyachukua mwenyewe.

Wako,
Mama Mbeti


Konstansa
11 Februari 2024

Mpenzi Mama Mbeti,

Hamjambo huko? Mama yako miguu imeacha kuvimba? Mimi sijambo. Theluji imeyeyuka na mashine imeanza kuuma ardhi vizuri.

Leo ilikuwa mapumziko, nikamvuta Zakariye tukaenda makumbusho ya mji. Alinung'unika njia nzima kwamba anapoteza siku yake ya kulala. Tulipofika kwenye chumba cha sarafu aliniacha nitangulie, akanifuata nyuma.

Wanza, nimeiona ile sarafu ya Istros. Si picha ya simu. Yenyewe. Istros ulikuwa mji wa Wagiriki, si mbali na hapa tunapochimba. Sarafu ni ya fedha. Upande mmoja ina tai amesimama juu ya pomboo, anamdonoa kichwa. Upande wa pili ina vichwa viwili vya vijana, vimekaa ubavu kwa ubavu, na kimoja kimepinduliwa, kidevu juu, nywele chini. Hakuna anayejua kwa nini. Wengine wanasema ni jua linapochomoza na linapotua. Wengine wanasema ni mambo ya mto Danube, ambao zamani waliuita Istros. Waliozichonga hawakuacha maelezo.

Mimi sarafu zangu zote ni shaba za wafalme, za kununulia mkate, nami nazipenda hivyo hivyo. Lakini hii nimeitamani tangu nilipoanza kusoma mambo haya. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kutuonyesha saa yake. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi yangu. Zakariye akamwambia mlinzi kwa Kiswahili, "Mwache kidogo, huyu amekutana na ndugu yake." Yule mzee hakuelewa neno, lakini alituacha kidogo.

Nikitoka nilikutafuta pembeni yangu nikuonyeshe.

Wako,
Baba Mbeti


Huruma
31 Machi 2024, siku ya Pasaka

Baba Mbeti,

Heri ya Pasaka. Umekula nini leo? Sisi tumekula pilau kwa Njoki, yule mshonaji mwenzangu wa Lucky Summer tunayeimba naye kwaya. Alisema asingevumilia tule wawili tu kwenye meza ya watatu. Miguu ya mama ni afadhali.

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa nawafikiria wale vijana wako wa Kigiriki. Wasomi wamehangaika bure. Hao ni watu wanaolala mzungu wa nne! Sisi nyumbani Mwingi tulikuwa watoto wengi kitanda kimoja, kila usiku uso wangu ulikuwa karibu na miguu ya dada yangu. Mwambie huyo mlinzi wa makumbusho aandike hivyo.

Mbeti amecheka sana. Amewachora kwa chaki mlangoni, wewe umesimama na mimi nimepinduka. Nikamuuliza mbona mimi ndiye wa chini. Akasema, "Kwa sababu baba yuko nchi ya mbali, huko ndiko juu."

Mvua imeanza na si mchezo. Mto Mathare hapa nyuma yetu umejaa na una rangi ya chai. Wenye ploti wanasema ni kawaida. Mimi huwa naona maji yamefika kwenye lile jiwe la kufulia, halafu najiambia niache woga. Mfalme wa shingo nene amepona, ila bado yuko kwenye chupa yake humo kisandukuni, nataka nimtazame kwanza.

Nina hamu na wewe. Nimeandika mwisho ili usije ukasoma hapo tu.

Wako,
Mama Mbeti


Konstansa
21 Aprili 2024

Wanza,

Mko wazima? Nisamehe, leo salamu ni fupi.

Nimeipata.

Alhamisi tulikuwa tunachimba kando ya shamba la alizeti. Mashine iliinua udongo mweusi, na kwenye meno yake kulikuwa na bonge lililoshika kipande cha chungu. Nilizima injini nikashuka kuliondoa, likavunjika mkononi mwangu. Ndani ilikuwemo. Niliijua kabla sijaipangusa. Vichwa viwili, Wanza, kimoja kimepinduliwa, pua zao bado nzima kana kwamba wamechongwa juzi. Nilipiga magoti matopeni. Zakariye akapanda kutoka mtaroni akidhani nimeumia.

Aliniangalia, akaiangalia, akasema, "Itie kiatuni, Musau. Msimamizi anakuja."

Nikaitia kiatuni. Iko humo mpaka sasa.

Sheria ya nchi hii inasema kitu kama hiki ni cha taifa, lazima kiripotiwe upesi. Msimamizi wetu naye alituambia tangu siku ya kwanza: mkiona chungu, mkiona mfupa, fukieni mwendelee. Wataalamu wakija, kazi itasimama, na kampuni haina haja ya vibarua waliokaa. Chumbani kuna watu walioacha watoto nyumbani kama mimi. Nikisema, nitakuwa nimewanyang'anya kazi yao. Nisiposema, mwezi ujao mtaro ukipanuliwa mashine yangu inapita juu ya mahali pale pale, na chochote kilichobaki kitasagwa.

Na mimi naitaka. Kwa nini nikufiche? Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nilipokutaka wewe. Naisikia chini ya unyayo nikitembea.

Wewe ndiwe uliyeniambia niende na ile ya kwanza. Niambie hii niifanye nini. Nijibu upesi.

Mume wako,
Baba Mbeti


Konstansa
28 Aprili 2024

Mama Mbeti,

Nimeona picha za mafuriko. Nimeona Mathare. Nimeona mtu amesimama juu ya bati, na nyuma yake ukuta wa manjano kama wa ploti yetu.

Simu yako haiingii. Ya Njoki siijui. Niliipigia ofisi ya kanisa, inalia hakuna anayeshika. Nilimwomba msimamizi ruhusa nirudi nyumbani, akasema mkataba ni mkataba.

Andika hata neno moja. Andika jina la Mbeti tu.

Baba Mbeti


Konstansa
12 Mei 2024

Wanza wangu,

Sijui kama kuna anayesoma. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitakuwa nimekubali jambo ambalo sijalikubali.

Nimeipeleka sarafu makumbusho. Nataka ujue ilivyokuwa. Niliitoa kiatuni nikaiweka kwenye kiganja nikitafuta ile furaha ya siku ya kwanza, sikuipata. Nikaona kinachoniuma ni kwamba ninyi mko mahali fulani na mimi sijui ni wapi. Halafu nikafikiri: ile ya kwenye koti, mpaka leo sijui ilitoka wapi. Nimeishi nayo nikijiuliza nani aliishika, nani aliishonea bitanani. Hii ni ya kwanza maishani mwangu ambayo najua ilipolala, chini ya shamba gani, karibu na nini. Nikiificha, hilo nalo linakufa, na watakaokuja baada yangu watajiuliza bure kama mimi.

Mwanamke aliyenipokea ni daktari wa mambo ya kale. Nilivua viatu mbele ya meza yake, akadhani nimerukwa na akili. Nilipoiweka mezani alifunika mdomo. Kesho yake walikuja na kamba na vibendera, na mtaro ukafungwa.

Kampuni inawapeleka wenzangu bara, kwenye barabara, malipo duni kuliko haya. Mimi nimeachishwa, nimepewa mpaka mwisho wa mwezi niondoke chumbani. Hakuna anayesema nami. Zakariye alikunja godoro lake akalihamishia upande wa pili. Aliniambia neno moja tu: "Ungetuuliza." Ana haki.

Nakubali yote. Niwakute tu mkiwa hai.

Mume wako,
Baba Mbeti


Lucky Summer
16 Mei 2024

Baba Mbeti,

Tuko hai. Mbeti yuko hapa anakula chapati kwa mikono miwili. Tuko hai, tuko wazima, acha kulia.

Sasa nikueleze. Maji yalikuja alfajiri. Nilisikia sufuria zikigongana nikadhani ni paka, nikashusha mguu ukazama mpaka gotini. Nilimtia Mbeti mgongoni. Taa zilikuwa zimezimika. Mkono mmoja ulimshika mtoto, wa pili ukaenda juu ya kabati ukashika kitu, na tukatoka. Tulipofika ngazi za juu mama mmoja wa ghorofa ya pili akanimulika na tochi. "Mama Mbeti, umeokoa nini?" Nikatazama. Nilikuwa nimekumbatia kisanduku chako.

Cherehani yangu ilibaki. Simu ilibaki chini ya mto wa kulalia. Vitambulisho vilibaki. Kulipopambazuka niliona meza ya cherehani ikizunguka polepole uani kama inatafuta mlango. Nikasema, "Nimeokoa sarafu za Baba Mbeti," na watu wote ngazini wakacheka, nami nikacheka nao, kisha kucheka kukanigeukia kilio. Mpaka leo sijui kwa nini mkono ulikwenda huko. Nimekukasirikia kwa ajili yake, ujue. Siku nyingine naiota ile cherehani.

Tulilala darasani katika shule kwanza, kisha Njoki akatuchukua. Kurudi hakuna. Nyumba zote za kando ya mto zimebomolewa, na yetu ikiwemo.

Bila kitambulisho sikuweza kurudisha laini yangu ya simu, na namba yako ilikuwa ndani ya simu, si kichwani. Juzi mwanamume mwenye ndevu za hina alibisha hapa kwa Njoki. Akauliza, "Wewe ndiye mke wa Musau wa sarafu?" Ni Abdiqadir, yule binamu yake Zakariye mwenye duka. Zakariye amekuwa akimpigia kila siku amtafute mke wa rafiki yake. Abdiqadir alikwenda Huruma akiuliza mlango kwa mlango, akaenda mashuleni, akaenda makanisani, yeye Mwislamu, akisimama nje mpaka ibada iishe. Ndiye aliyenisaidia mpaka laini ikarudi. Nimeisoma barua yako ya kuuliza na ya kujibu kwa mara moja, nimekaa jikoni kwa Njoki.

Ulitaka jibu langu. Jibu langu lingekuwa uilete. Ndiyo, mimi. Ningekwambia uje nayo kiatuni mpaka hapa, kwa sababu sijakuona ukipata kitu ulichokitamani tangu tuoane. Umefanya vizuri kuliko ambavyo ningekushauri. Lakini sijui kama nimefurahi.

Mshukuru Zakariye.

Mkeo,
Mama Mbeti


Konstansa
2 Juni 2024

Wanza, mke wangu,

Bwana asifiwe. Nimezisikia sauti zenu na bado nimeisoma barua yako kila siku. Mbeti analala vizuri? Wewe hujapata homa ya maji machafu?

Nilikwenda kwa Zakariye. Alikuwa anafunga begi kwenda bara. Nikamwambia kilichofanywa na Abdiqadir. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nimekukasirikia wewe. Mkeo na mtoto wamenikosea nini?" Nikambebea begi mpaka kwenye basi. Tulipeana mikono, na mkono wake haukuwa baridi.

Sasa kuna jambo, na nimezunguka nalo wiki nzima. Yule daktari wa makumbusho amenitafuta. Pale shambani wamekuta kuta za nyumba, na chungu chenyewe kikiwa kimevunjika na sarafu nyingine zaidi ndani. Wanataka mtu wa kuendesha mashine ndogo kwa mkono mwepesi, wa kukwangua udongo kidogo kidogo. Alisema mtu aliyesimamisha injini kwa ajili ya kigae ndiye anayemfaa. Karatasi za kukaa watanifanyia wao. Kazi ni mpaka Oktoba mwakani.

Mama Mbeti, ninachimba Istros. Mimi, mtoto wa mchonga vinyago wa Shauri Moyo. Nilipoambiwa nilitoka nje nikazunguka lile jengo.

Halafu nikakumbuka kwamba nyumba yetu haipo, na wewe unalala kwenye sakafu ya mtu.

Wamenipa kianzio cha miezi miwili nijaribu kabla ya kutia sahihi. Siwezi kuamua peke yangu tena. Niambie.

Wako,
Baba Mbeti


Lucky Summer
14 Julai 2024

Baba Mbeti,

U hali gani? Sisi tunaendelea. Najua nimenyamaza kwenye jambo hili, na kila ukipiga simu nakuambia habari za hali ya hewa. Niliandika "kaa," nikafuta. Niliandika "njoo," nikafuta. Njoki akaniuliza kama natafuna hiyo simu.

Jibu langu ni kaa. Nimelifikiri. Nilikuona ukiwa umepiga magoti kwenye matope kwa maneno tu, na mimi nikafurahi hapa kana kwamba nilikuwepo. Ukirudi sasa, utakuwa hapa na macho yako yatabaki kule, nami sitaki kuishi na mtu wa namna hiyo. Kaa umalize kazi, uone vyote vitakavyotoka. Tutaongea kwa simu. Mwaka si milele.

Mengine ni ya kawaida. Nimepata chumba changu hapa hapa Lucky Summer, ghorofa ya pili, nilikataa cha chini hata kabla hawajafungua mlango. Njoki ananiazima cherehani yake jioni. Sarafu zilizolowa siku ile ya mafuriko nilizisuuza kwa yale maji ya kujazia betri ya gari, nikazikausha, zote zimepona. Mbeti jino la mbele limeng'oka, anaongea kama anapuliza moto. Amenizoea mimi peke yangu. Mtu akisema "wazazi wako," anasema, "Mama."

Nimenunua kitanda. Mwanzoni nilikuwa nalala upande wangu, ule wa ukutani. Sasa nimejifunza kulala katikati.

Haya, fanya kazi. Jifunike masikio, upepo wa baharini ni mbaya.

Mkeo,
Mama Mbeti


Konstansa
4 Agosti 2024

Mama Mbeti,

Salamu nyingi, na kwa Mbeti asiye na jino. Mimi ni mzima.

Umeniambia nikae, na umenipa sababu nzuri kuliko zangu. Nimeisoma barua yako shambani, nimeisoma kitandani. Kila nikifika pale uliposema umejifunza kulala katikati, siwezi kuendelea na mstari unaofuata.

Nilikwenda kwa yule daktari wa makumbusho nikamwambia siwezi kutia sahihi. Hakunishika kwa nguvu. Aliuliza tu, "Una hakika? Bado hatujafika hata sakafu ya nyumba." Nikamwambia sina hakika. Nikamwambia nina mke. Akafungua droo, akatoa ile sarafu, imesafishwa, akaniwekea kiganjani. Alienda dirishani akanigeuzia mgongo, nadhani kwa makusudi. Ingekuwa rahisi kiasi gani kuitia kiatuni tena! Nikaitazama upande huu na upande huu, nikaiweka mezani, nikamwita ageuke.

Nilipofika njiani nililia, Wanza. Sikufichi, maana ukiniona nimekaa kimya siku moja huko mbele utataka kujua ni nini, na hiki ndicho. Sitaona ile sakafu. Watu wengine wataiona. Utanivumilia siku hizo.

Lakini mtoto wangu anaposema "Mama" kwa swali la wazazi, hilo sitaki liwe lilivyo kwa mwaka mwingine.

Nafika Jumamosi tarehe 31, mchana. Usije uwanja wa ndege, ni mbali na ni usumbufu kwa mtoto. Nielekeze njia tu.

Mume wako,
Baba Mbeti


Lucky Summer
25 Agosti 2024

Baba Mbeti,

Salamu. Nimekuwa nikiimba tangu ulipopiga simu kusema umekata tiketi, majirani wamechoka.

Sikiliza maelekezo, kwa sababu najua hupendi kuuliza watu njia. Kwanza, usipitie Huruma. Najua utataka. Palipokuwa na mlango wetu sasa ni mawe tu, na nisingependa upaone peke yako. Tutakwenda pamoja siku nyingine, au tusiende.

Mwambie mwenye teksi akushushe karibu na steji ya matatu, maana huku ndani pana matope na atakulalamikia. Fuata barabara inayopita kanisa lenye paa la bluu. Ukifika kwa kinyozi, pinda kushoto. Ploti yetu ni ya mawe, haijapakwa rangi, ina kamba ya nguo mbele na kuna koti limening'inia kila siku, hata jua likiwa kali, ndilo tangazo langu la kazi. Panda ngazi mpaka ghorofa ya pili. Shika ukuta, hakuna reli. Mlango wetu ni wa mwisho, wa chuma, mweusi.

Usipike maneno ya kuniambia. Sitayasikia. Nitakuwa jikoni najifanya kukoroga kitu.

Mbeti ndiye atakayekuja mlangoni, hilo ameshaniambia na sina la kumfanya. Lakini tangu yale maji nimemfundisha asimfungulie mtu yeyote kabla hajajua ni nani, na amelishika somo hilo vizuri mno, hata Njoki hulitaja jina lake lote kabla hajafunguliwa. Kwa hiyo ukibisha hodi, usishangae kukaa nje kidogo. Utasikia miguu yake ikija mbio, kisha itasimama, na utamsikia nyuma ya mlango akiuliza kwa sauti ya mtu mzima, "Nani?"

Mwambie.

Mkeo,
Mama Mbeti